Moyo Ulioachwa Mtini

Wengi wetu tuliolelewa visiwani tulikisikia kisa cha kima na papa kabla hatujaijua alifu wala be. Kima amekaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, anakula makuyu, na papa yuko chini anaomba arushiwe. Wakawa marafiki. Siku moja papa akamwalika mwenziwe kwao, akampakia mgongoni, na walipofika kwenye maji makuu akamfunulia siri: Sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakutaharuki. Alimlaumu tu papa kwa kutomwambia mapema, maana kima wakisafiri huiacha mioyo yao mtini. Papa akageuza njia. Kima alipokwisha kuruka juu ya tawi akaketi kimya, na alipoitwa ashuke wende zao, akauliza kama yeye anadhaniwa kuwa punda wa dobi. Papa asimjue punda wa dobi ni nani, na hapo ndipo kisa cha pili kinapoanza ndani ya tumbo la kisa cha kwanza.

Kisa hiki kimo katika kitabu cha ngano za Unguja alichokichapisha Edward Steere mjini London mwaka 1870. Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, zama ambazo Sayyid Majid ndiye aliyekalia kiti, akaanza kuziandika ngano kama alivyosimuliwa na wenyeji, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo kisa hakiitwi kwa jina la kima wala la papa. Kinaitwa Kisa cha Punda wa Dobi.

Mimi nilikisikia kwa bibi yangu, na kwa miaka mingi niliamini kuwa hakuna kitu kilicho chetu zaidi ya hicho. Bahari ni yetu, papa ni wetu, mkuyu ni wetu, Sultani naye, tumpende tusimpende, alikuwa wetu. Kisha, nilipokuwa ninajifunza Kiarabu kwa kujisomea, nikaingia katika Kalila wa Dimna, na katika mlango wa nyani na kasa nikamkuta kima wa bibi, amekaa juu ya mti, moyo wake ameuacha nyumbani. Mbele kidogo nikamkuta na punda. Nilikuwa kama mtu aliyekwenda kwa jirani akaiona sahani ya mama yake kabatini, asijue nani alimwazima nani.

Jirani mwenyewe alikuwa ameazima. Kalila na Dimna si majina ya Kiarabu. Ni Karataka na Damanaka, mbweha wawili wa Panchatantra, yaani milango mitano, kitabu cha Kisanskriti kinachonasibishwa na mwalimu mmoja aitwaye Vishnusharman. Husemwa humo kwamba mfalme Amarashakti alikuwa na wana watatu wazito wa kuelewa, na mzee huyo akaahidi kuwafunza busara za utawala kwa miezi sita. Akawafunza kwa visa vya wanyama, kisa ndani ya kisa, na kila mnyama akisimama kujitetea kwa beti.

Neno lenyewe Kisanskriti maana yake ni lugha iliyotengenezwa ikakamilika. Panini, aliyeishi yapata karne ya nne kabla ya Masihi, aliifunga sarufi yake katika kanuni karibu 4,000, fupi mno, za kuhifadhiwa kichwani, na lugha ile ikabaki katika umbo hilo huku lugha za nyumbani na sokoni zikiendelea kubadilika. Kwa hiyo ikawa lugha ya kujifunza. Mtu hakuzaliwa nayo kama tulivyozaliwa na Kiswahili. Aliketi mbele ya mwalimu. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila asemaye kuwa lugha isiyokuwa na mama haina nguvu. Kati ya karne ya nne na ya kumi na tatu, wafalme wa Kambodia, wa Champa na wa Java walichonga sifa zao mawezi kwa Kisanskriti, bila ya jeshi lolote la Kihindi kuwalazimisha. Katika kisiwa cha Borneo, pahala paitwapo Kutai, zipo nguzo za mawe za mfalme Mulavarman za yapata mwaka 400, na maandishi yake ni beti za Kisanskriti safi. Java ilichukua hata bahari za ushairi wenyewe, washairi wake wakatunga tenzi za kakawin kwa mizani za Kihindi katika lugha ya Kijava.

Upande wa mashariki, basi, Kisanskriti kilifika na sauti yake. Upande wetu wa magharibi kilifika kimya, kimevaa nguo za watu wengine.

Wa kwanza kukivisha alikuwa Burzoe, tabibu wa mfalme wa Uajemi, Khosrau Anushirwani, aliyetawala tangu mwaka 531 hadi 579. Hekaya ya Waajemi yasema alitumwa Bara Hindi kutafuta mmea unaofufua wafu. Alizunguka milima yote asiuone, mpaka mwenye hekima mmoja akamwambia kuwa mmea ni maneno, na wafu ni wajinga, akaonyeshwa kitabu. Akakifasiri kwa Kipahlavi, akakiongeza visa kutoka vitabu vingine vya Kihindi. Tafsiri yake imepotea. Na ile Panchatantra ya mwanzo, aliyoishika mkononi, nayo imepotea. Tulizo nazo ni nakala za baadaye zinazotofautiana, mojawapo iliyo mashuhuri ikiwa ile aliyoihariri Purnabhadra, mtawa wa dini ya Jaini, mwaka 1199.

Wa pili alikuwa Ibn al-Muqaffa', Mwajemi aliyesilimu, aliyekifasiri kitabu cha Burzoe kwa Kiarabu yapata mwaka 750. Nathari ya Kiarabu ilikuwa changa wakati ule, na wako wanaosema kuwa yeye ndiye aliyeifunza kutembea. Mwisho wake ulikuwa mbaya. Aliandika hati ya amani kwa ajili ya ami yake Khalifa al-Mansur, akaifunga kwa masharti makali hata Khalifa asiweze kuponyoka. Khalifa alichukia, na liwali wa Basra, aliyekuwa na kisasi chake mwenyewe, akamuua kwa mateso. Wanahistoria hutaja miaka ya kati ya 756 na 759. Hakuwa amefika makamo. Mimi, kila ninapoketi na kalamu nikitafuta neno moja la kuziba mianya yote, humkumbuka mtu huyu aliyeuawa kwa sababu lugha yake haikuwa na mwanya.

Kutokana na Kiarabu chake kitabu kilikwenda kwa Wayunani, kwa Mayahudi, kwa Kilatini, mpaka Ufaransa, ambako La Fontaine, mwaka 1678, alikiri kumwia deni mwenye hekima wa Kihindi. Aban al-Lahiqi alikigeuza kuwa shairi kwa ajili ya Mabarmaki, wale mawaziri ambao Jaafar wao twamjua sote kwa Alfu Lela Ulela. Na jina la ukoo wao, Barmak, asili yake ni neno la Kisanskriti, pramukha, mkuu wa nyumba ya watawa wa Kibuddha huko Balkh. Rudaki naye alikigeuza shairi kwa Kiajemi. Ya Aban yamebaki machache, ya Rudaki vipande tu. Nathari iliokoka, mashairi yakazama.

Karibu mwaka 1030 akatokea al-Biruni. Huyu, kinyume cha wote niliowataja upande wa Waarabu, alijifunza Kisanskriti, akaketi na wanazuoni wa Kihindi, akaandika kitabu chake kikubwa juu ya Bara Hindi. Humo alitamani angepata wasaa wa kuifasiri Panchatantra upya, kwani hakuziamini tafsiri zilizokuwako. Akamtuhumu Ibn al-Muqaffa' kwa jina lake, kwamba mlango unaomhusu Burzoe aliuongeza mwenyewe ili kuwatia shaka watu wa imani dhaifu, na kwamba aliyeongeza hawezi kuaminika kuwa hakubadili. Ni hoja nzito. Mfasiri yeyote ataisoma akiinamisha kichwa. Hata hivyo al-Biruni hakuifasiri, na lau watu wangeingojea tafsiri isiyo na lawama, bibi yangu asingekuwa na kisa cha kunisimulia.

Hebu tuziweke nakala pembeni mwa nakala tuone nini kilibadilika, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Katika nakala ya Purnabhadra mti uko ufukoni mwa bahari, nao ni mjambu, wa ukoo mmoja na mzambarau wetu. Mnyama wa majini ni makara, na makara ni kiumbe cha bahari ambacho wafasiri wamehangaika nacho: wengine husema mamba, wengine papa, wachongaji wa mahekalu wamempa hata mkonga wa ndovu. Katika Kiarabu makara amekuwa kasa, na mti umekuwa mtini, ule wa tini. Unguja makara amekuwa papa, na mti umekuwa mkuyu.

Mtu atasema, basi kila nchi ilipanda mti wake. Lakini tazama. Mtini na mkuyu ni ndugu, wa jamii moja. Na katika kisa kongwe cha Kibuddha kwa lugha ya Kipali, mmoja wa visa vya Jataka, nyani anapomdanganya mamba humwonyesha mti ambao mioyo ya nyani imetundikwa, na mti huo ni udumbara, naye ni ndugu wa mkuyu, matunda yake yakitoka vichala katika shina lenyewe, kama tuonavyo kwenye mikuyu yetu. Aliyeutazama mti huo ukiwa umezaa hahitaji kuelezwa kwa nini ulifananishwa na mti wa mioyo. Kwa hiyo mkuyu wa Unguja uko karibu na udumbara wa zamani kuliko mjambu wa Purnabhadra, ambaye alikiandika kitabu kwa Kisanskriti chenyewe. Mimi naona tini ya Kiarabu ndiyo daraja: Mswahili aliyesikia habari ya mtini, mti asiokuwa nao uani kwake, aliutafuta ndugu yake akamkuta kwenye bonde. Na bahati njema lugha yetu husema mtini kwa maana zote mbili.

Papa naye si kosa. Ibn al-Muqaffa' alimpunguza makara akawa kasa mpole. Msimuliaji wa Unguja, ambaye hajapata kusikia neno makara, alimrudishia meno.

Mabadiliko makubwa zaidi ni ya mke. Katika Kisanskriti mke wa makara ndiye atakaye moyo, kwa wivu, akisema kuwa mla matunda matamu kila siku moyo wake nao lazima uwe mtamu. Katika Kiarabu mke wa kasa anajifanya mgonjwa. Kisa chote ni cha mume aliyekwama kati ya rafiki na mke. Unguja mke ametoweka, amekuja Sultani. Najua kuwa masultani hawaadimiki katika ngano zetu, na mtu anaweza kusema ni mazoea tu ya wasimuliaji. Lakini hadithi imebadilika mno kwa badiliko hilo moja. Papa wetu hakushindwa na mapenzi. Ni raia aliyetumwa. Hakuna humo swali la kama ataka au hataki. Amemwambia rafiki yake ukweli kwa sababu, nadhani, alimhurumia, na huruma yake ilikwenda mpaka hapo tu, mgongo ukiendelea kuogelea kuelekea kwa mkubwa. Waliosimulia hivi Unguja ya miaka ya 1860 waliijua serikali, na waliijua biashara iliyokuwa ikiendeshwa Mkunazini, ambako Steere baadaye alijenga kanisa juu ya uwanja uliokuwa soko la watumwa.

Katika kisa cha ndani, mbweha wa Kihindi amempisha sungura. Huyu hakuja kwa jahazi. Ametoka bara, na katika visa vya watu wa bara kiti cha ujanja ni chake tangu azali. Mbweha wa Kisanskriti alimvuta punda kwa kumwahidi majike. Sungura wetu ana adabu zaidi: anakwenda kama mshenga, anasema ametumwa kuposa, na mposaji ni simba. Punda anafurahi. Simba, aliyedhoofika kwa ugonjwa, anamrukia asimweze, punda anapiga mateke anakimbia. Anaitwa mara ya pili, na anakuja. Akisha kuuawa, simba anataka aletewe moyo na masikio. Sungura anavila, na alipoulizwa anajibu kuwa punda huyo hakuwa na moyo wala masikio, angekuwa navyo asingerudi. Jibu hili limevuka Kisanskriti, Kipahlavi na Kiarabu likatua kwetu bila ya mkwaruzo. Limevuka kwa sababu halihitaji vina.

Sasa dobi. Matini ya Kisanskriti humwita mwenye punda rajaka, mfua nguo. Kiarabu kimemwita kassari, mtu wa kazi hiyo hiyo. Kiswahili hakikuchukua hili wala lile. Kikasema dobi, neno la Kihindi linalotokana na shina la Kisanskriti lenye maana ya kuosha. Neno hilo halikupitia kwa Burzoe wala Basra. Lililetwa na kaskazi, na watu waliokuja kufua nguo hapa, pamoja na mabaniani wa Kachi na Gujarati waliokuja kuuza na kukopesha, kama nyumba ya Jairam Shivji iliyokodi forodha ya Unguja katika karne ya kumi na tisa. Hata hilo neno baniani, tulilolitia katika methali ya kiatu na dawa kwa kumdhihaki mtu, lina mzizi wake katika vanij, ambalo kwa Kisanskriti maana yake ni mfanyabiashara tu, bila ya tusi. Ndani ya kisa kimoja, basi, zimekutana njia mbili: hadithi imezunguka kwa wafasiri miaka zaidi ya elfu, na jina la dobi limekatisha bahari moja kwa moja.

Orodha za maneno huchosha, nami sitaki kuziandika hapa. Yatosha kusema sukari ilikuwa sharkara, changarawe, kabla haijawa tamu. Sataranji ilikuwa chaturanga, jeshi la viungo vinne. Rupia, ambayo Unguja iliitumia mpaka mwaka 1936, ilikuwa fedha iliyofuliwa. Na laki ni laksha. Hili nalipenda kwa sababu yake: Wahindi wenyewe huihesabu Mahabharata kuwa beti laki moja, na tunapoitamka hesabu hiyo kwa Kiswahili tunaitamka kwa neno lao.

Juu ya beti hizo nina la kuwaambia watunzi. Ubeti uliobeba tenzi zile kubwa huitwa shloka. Una vipande vinne, kila kipande mizani nane, jumla thelathini na mbili. Mtunzi wa utenzi akisikia hesabu hiyo atashtuka, kwani ni yake: vipande vinne, mizani nane nane. Mwaka nilioligundua sikulala vizuri. Nikawa na nadharia nzima kichwani, na majahazi ndani yake. Nimeiacha. Shloka haina kina hata kimoja. Mwendo wake ni wa silabi nzito na nyepesi, jambo ambalo Kiswahili hakina haja nalo, na utenzi wetu husimama kwa vina, vile vitatu vya ubeti na kile cha mwisho kinachoufunga utenzi mzima, na vina hivyo twavijua vilikotoka. Kufanana kwa idadi si nasaba. Huenda ni pumzi ya binadamu tu ndiyo inayopenda kukata kwenye nane.

Hata hivyo hasara ninaiona. Wanyama wa Panchatantra husema nathari mpaka wafikie jambo zito, ndipo huvunja ubeti. Wafasiri wa magharibi waliziyeyusha beti hizo ndani ya nathari, wakabakisha maana. Ndiyo maana kima wa bibi yangu hajui shairi lolote, ilhali babu yake alikuwa na beti kwa kila msiba. Leo ukitaka kuisikia shloka hapa Unguja utakwenda kwenye hekalu la Wahindu katika Mji Mkongwe, ambako husomwa katika ibada, na waumini wachache tu waliobaki wanaoijua maana yake neno kwa neno.

Mimi Kisanskriti sikijui. Ninaupitia mlango wa nne wa Panchatantra kwa tafsiri mbili za Kiingereza na Kiarabu cha Ibn al-Muqaffa' pembeni, nikiuleta kwa Kiswahili, beti zikae beti, na lawama ya al-Biruni naijua. Nimekwama kwa punda. Katika nakala ya Purnabhadra ana jina: Lambakarna, yaani mwenye masikio yaliyoning'inia, ili jibu la mwisho limchekeshe msomaji mara mbili, kwamba mnyama aliyeitwa kwa masikio hakuwa nayo. Nimejaribu Masikio-Marefu, nimejaribu Masikio-Mawili, hata Bwana Sikio. Hakuna linalokaa. Kila nikimsomea mtu rasimu, akifika hapo huniuliza huyu ni nani, nami nikimjibu tu, hucheka, akasema kumbe ni punda wa dobi.